Ndege Iko Chini ya Kitanda ya Mama

Butembo, Jumamosi, siku ya posho, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja

Kwako Yaya Abdias, mukubwa wangu,

Wavukire, Yaya. Nakusalimia na mikono mbili vile Papa alitufundisha, ata kama kalamu inataka moja tu. Uko aje? Mwili iko aje? Ile kifua yako yenye ilikuwaka inakohoa kila mara baridi ya Butembo ikishuka, joto ya Beni imeiponesha? Unakula nini kule, na nani anakupikia? Mama anauliza kama unapataka sombe ya kweli, ya majani ya muhogo, ao unadanganya tumbo na mikate na chai kama mutu mwenye kungoja gari. Anauliza tena kama ile shati ya kijani ungali nayo, ao ulisha kuimaliza mu depo ya kakao. Hayo maulizo ni yake, mimi niko mwandishi tu. Yangu yatakuja.

Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Mama eko muzima, ni goti tu inamusumbua wakati anapanda mulima ya kutoka soko. Poaro zake, vile vitunguu vya majani marefu, zinauzika. Mvua imeanza, matope ni yale unajua, juzi kiatu yangu moja ilibakia mu barabara na mimi nikaendelea na muguu tupu mpaka ku kanisa, bakina mama baimbaji ba koro banacheka mpaka banakosa pumzi. Kuku yako ya mwekundu, ile yenye ulikatazaka batu kuchinja, ingali inatembea mu uwanja kama bibi wa chef. Imezeeka, haitagi tena, mais lakini nani atathubutu? Tunasema ni ya Abdias, tunaiacha.

Utashangaa juu ya nini naandika barua kama batu ba zamani. Nilijaribu simu, Yaya. Namba yako ya kwanza inanijibu na sauti ya yule dada wa rezo ya simu, nimemuzoea mpaka siku moja nilimuambia asante. Namba mupya ulimupatia Mama peke yake na ukamukataza kunipatia, na Mama unamujua, siri anaifunga mu kitambaa fundo tatu. Nilimubembeleza, nilimupikia, nilimukanda goti. Hapana. Donc, basi, barua hii inakuja na mikono ya Mama Falonne, yule jirani wetu wa pembeni ya kanisa mwenye anapelekaka poaro Beni wakati barabara imetulia. Na kuna kitu ndani ya bahasha yenye simu haiwezi kubeba. Usiitupe. Nitakueleza mbele.

Kwanza uache nikuambie vile nyumba iko bila wewe, juu ukweli nimechoka kujifanya kama iko sawa. Nyumba imekuwa kubwa. Meza yako ya kazi, pale chini ya bati nje, Mama anaanikia maharagi, na kila jioni anaondoa maharagi na kupanguza meza kama vile utakuja kufanya kazi asubui. Hatujamuuliza juu ya nini. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya kipango yetu, ile mulango ya uwanja, sisi bawili tunageukia njia, kila mutu na kijiko yake mu mukono, mpaka ipite. Na siku yenye radio inasema habari ya batu benye kukimbia vijiji upande wa Beni, Mama anakaa karibu na radio na anasikiliza majina moja moja mpaka mwisho. Kisha anaamka anaosha vyombo vyenye viko tayari safi. Miaka mbili, Yaya. Ata Noeli mbili. Ulitoka na sac, mufuko moja tu, tukasema atarudi kuchukua ingine.

Sasa nije ku habari. Unakumbuka Kipese?

Sisemi mulima, nasema ndege yako, ile ndogo ya telekomande. Usikunje uso, soma. Ile siku uliyoweka vipande vyake mu gunia na ukamuambia Mama avipikie maharagi, Mama alisema ndiyo mwanangu, na akaviweka chini ya kitanda yake, nyuma ya sanduku ya mavazi ya harusi. Alikudanganya na heshima yote. Mwaka uliopita, mu mvua za mwezi wa tatu, nilikuwa natafuta sufuria kubwa, nikavuta gunia, mabawa yakatoka. Nilikaa chini pale pa sakafu ya simenti, nikalia sana, kisha nikaanza kupanga vipande kama mutu anayepanga karata.

Uliitengeneza na povu nyeupe ya makartoni ya frigo, zile zenye bafanya biashara banatupaka. Ulikata mabawa na waya ya moto, ukayaweka juu ya mugongo ya ndege na si pembeni, ukatueleza kama ndege ya kujifunzia inakuwaka na mabawa juu, kwa sababu ni yenye kusamehe: ukikosea, inajirudisha yenyewe. Niliipenda hiyo neno, yenye kusamehe. Ukaandika Kipese pa mbavu na rangi nyekundu, juu Papa alifulia majembe kule Kipese mpaka kifo yake, na ukaapa kama siku moja itaruka mpaka juu ya kiwanda yake. Na ile siku ulienda ku bureau ya quartier, ofisi ya mutaa, kuomba karatasi ya ruhusa, ili basoda, baaskari, basiseme ni drone, chef akauliza kama inabeba bomu, ukamupatia ndege aibebe mwenyewe. Akaishika kama mutoto wa ubatizo! Akapiga kashe, muhuri yake, bila kusoma.

Basi nimeitengeneza. Mwili ulishikana na kole, ile gundi, bawa ya kushoto niliweka kijiti ya mwanzi ndani. Mais hiyo haikuwa kazi. Kazi ilikuwa ile njia ya kutoka ku kamotere kadogo ka ndani mpaka ku kibao ya mukia, ile yenye inapandisha na kushusha pua. Unajua vizuri, ndege haifi juu ya bawa kuvunjika. Inakufa wakati mukono yako inaomba na mukia haisikii. Donc nilianza ku masikio, yale maplastiki madogo ya kibao yenye reyon, ile chuma ndefu nyembamba ya mugurudumu ya kinga, ya baiskeli, inashika. Ulikuwa umeyakata mu kifuniko ya yaourti, Yaya, samahani sana, ingénieur muzima! Yalikuwa yanakunjika kama majani. Nimekata mapya mu bidon ngumu ya mafuta, nikayafanya mara mbili, na upande wa pili wa kibao nikaweka kipande ingine ili visi, skrubu zake, visipasue povu. Tundu nilitoboa na sindano yenye unene ya reyon yenyewe, hapana kuzidi, juu tundu ikicheza, mukia inatetemeka.

Kisha reyon. Nilinunua mupya ku bafundi ba kinga, ya mugurudumu ya nyuma, yenye unene. Niliinyoosha ikapita moja kwa moja, bila kona ata moja. Batri ndiyo nilisogeza mbele ili itoe njia. Na ili isijipinde kati wakati inasukuma, niliipitisha ndani ya tube za biki, za kalamu, tano, zenye nilifunga na kole mu mwili kila vidole vine. Tundu ya mwisho niliibana na kavisi ka domino ya umeme, ile inaunganishaka waya, na tone ya kole juu. Ukisukuma sasa na kidole, mukia inakusukuma na yenyewe. Ningependa uone. Kila mara kitu ilikubali, niligeuka nyuma kukuonyesha.

Mais pa uwanja bila upepo, mukia yoyote inacheza muzuri, sisi tunajua hiyo, si kweli? Njo nikatafuta upepo. Usiku... hapana, saa nne ya asubui, mbele ya batu bote, nilipanda nyuma ya pikipiki, nikageuka nikikaa mugongo kwa mugongo na muendeshaji, ndege mu mapaja, telekomande mu shingo, na tukaenda mbio ile barabara yenye kunyooka ya upande wa Rughenda. Nilikuwa napandisha na kushusha mukia ndani ya upepo ya pikipiki, na kidole yangu pa kibao nasikiliza kama inalegea. Haikulegea. Batoto balikimbia nyuma yetu, mama mumoja alifanya alama ya musalaba, na jioni habari ilifika ku soko mbele yangu kama mimi, binti wa Godelive, nimepata wazimu ya mahaba. Mama alinirushia poaro.

Sasa utauliza ni nani alikuwa anaendesha pikipiki. Yaya, usifunge barua. Ni Kambere.

Ndiyo, Kambere Gamaliel, fundi wa pikipiki, rafiki yako wa tangu kiti ya kwanza ya shule, yule mulikula naye sahani moja na leo hutaki kusikia jina yake. Najua unajua kama anataka kunioa, juu ulisha kujibu. Mais nikuambie vile ilikuwa upande wetu. Bajomba yake balikuja mu mwezi wa nane, na heshima, na kofia mu mikono. Mama alifurahi mpaka akasahau goti. Baba mudogo Kitsa alishuka toka Kipese na fimbo yake na mifuko mbili ya mbatata, akaketi, akakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, akasikiliza bote, kisha akasema neno moja: Papa hayuko tena, donc kamba ya mbuzi ya kwanza ya mahari itapokelewa na mukono ya Abdias, ao mbuzi haitapita kipango. Hakusema na kasirani. Alisema nyumba yenye mukubwa wake eko muzima haifanyi kama amekufa. Bote banakubali, mimi wa kwanza. Tukakutumia neno kwa mukono ya Mama Falonne.

Jibu yako aliirudisha vile ulisema, maskini, akiangalia chini. Eti hautashika kamba yenye imetoka mu mukono yenye iliua ndege yako. Kama mimi, Bénite, nataka kumufuata huyo, niende, nijihesabu yatima.

Nilikuwa natwanga sombe. Niliendelea kutwanga mpaka ikawa maji. Mama alilia siku mbili. Kambere yeye alisikia, akatikisa kichwa, akasema unayo haki, na akarudi kufungua motere ya mutu. Ni hapo nilijua kama nitakuandikia hii barua. Imenichukua wiki sita kuianza. Njia ya muongo ni fupi, banasema batu bakubwa. Yangu imekuwa ndefu, Yaya, imefika miaka mbili, na nimechoka kuitembea.

Kumbuka ile siku ya kutangulia maonyesho. Bale bakubwa ba chuo ya Kisangani balikuwa banafika kesho yake kuangalia kazi za vijana pa uwanja ya mupira, na mumoja mwenye batapenda kazi yake batamupeleka kusoma. Batu bote ba quartier balisema ni wewe. Reyon ya mukia ilikuwa inagusa batri, inakwaruza. Ulimuambia Kambere aifanye kona kidogo ipite juu ya batri, na ukamuambia vizuri: na baridi, mu kibanio, polepole. Kisha ukaenda kuchukua karatasi ku bureau. Kambere balimuita, pikipiki ya pasta wa kanisa ilikuwa imekufa pa njia. Akaacha reyon pa meza yako na akasema anarudi sasa hivi.

Ni mimi nilifanya ile kona.

Soma tena kama unataka. Ni mimi, Kavugho Bénite, dada yako. Unakumbuka jina yenye mulinipatia, wewe na Kambere? Mademoiselle Kole. Bénite shika hapa, Bénite weka kole hapa, Bénite toa vidole. Miezi yote ile mimi nilikuwa wa kushika kole. Nilijua kila visi ya ile ndege na hakuna siku uliniacha nifunge moja. Nikasema ndani ya moyo, leo nitafanya kitu na atarudi na atasema, nani alifanya hii kona muzuri hivi? Nilijaribu mu kibanio, chuma ikakataa, mikono yangu haikuwa na nguvu. Njo nikamukumbuka Papa. Papa hakupiganaka na chuma. Alikuwaka anaiweka mu moto mpaka inakuwa mwekundu na inakubali.

Maharagi ya Mama yalikuwa pa mbabula. Niliingiza reyon mu makala chini ya sufuria, nikapuliza, ikawa mwekundu, nikaikunja na koleo kama ndizi ya kuiva. Kona ilitoka muzuri, Yaya, muzuri kabisa! Nikaizika mu majivu ipoe polepole. Wakati niliitoa ilikuwa na rangi ya bluu, ile bluu ya chuma yenye imeona moto. Nilikumbuka moto ya Papa, nikasahau maji yake. Mara ngapi tulisimama pa mulango ya kiwanda kule Kipese kungoja ile sauti ya jembe kuingia mu maji, sssss, na wewe unanishika mukono juu niliogopa? Niliisahau. Bila maji chuma inabakia lege kama mutoto mwenye hajasimama.

Na hapa ndipo iko dhambi yangu, si pale pa moto. Pa moto nilikosea tu. Mais niliikamata na vidole viwili pale pa kona, nikaikunja kidogo, nikaisikia. Ilikubali. Nilijua haikuwa sawa na pale mwanzo. Kwa nini nilichukua karatasi ya kukwaruza na kusugua ile bluu mpaka ingae kama zingine? Mutu mwenye hana hatia hasugui. Nilisema nitamuambia Kambere asubui. Asubui mulikuwa munakimbia, ukajaribu mukia pa uwanja wa nyumba, ikapanda, ikashuka, ukasema ile kona ni kazi ya fundi. Ukamupiga Kambere pa bega. Yeye aliangalia reyon, akaniangalia mimi, akanyamaza. Na mimi nikasikia vile ulisifu kona, nikafurahi kama mujinga, nikanyamaza pia.

Yenye ilifuata unaijua kuliko mimi. Iliruka. Ee Nyamuhanga, Mungu wetu, iliruka! Ilizunguka kanisa mara mbili, batu banapiga vigelegele, Mama anacheza na kikapo ya poaro juu ya kichwa. Kisha ukaishusha pua ili ije mbio mbele ya bale bakubwa, na wakati uliomba mukia iinue, upepo ilikuwa na nguvu kuliko ile kona yangu. Ilijifungua. Niliona mabega yako yakivuta ile telekomande kama kamba ya ng'ombe. Ikaingia mu shamba ya batu, mu poaro, na batu bengine bakacheka.

Kambere alifika wa kwanza. Alitoa reyon, akaiweka mu mufuko. Ulipofika ulimuuliza mbele ya batu bote kama alifanya kona yenyewe vile ulimuambia, na akasema ni yeye alifanya, na aliharakisha. Ulimuambia maneno yenye sitaki kuandika. Yeye alikuwa anatazama juu ya bega yako, ananiangalia. Nilikuwa nimeshika tube ya kole. Kinywa yangu ilikuwa wazi, Yaya, nakuapia, maneno yalikuwa pale. Hayakutoka.

Na ngoja nimalize, juu nikiacha hii nitakuwa tena muongo. Wakati ndege ilianguka, kabla ya kuogopa, kabla ya haya, nilifurahi. Haikupita muda ya kuhesabu mpaka kumi. Moyo yangu iliketi chini na kupumua, ikasema: basi hataenda Kisangani. Usiku mingi nilikuwa nimesali usichaguliwe, mimi mwenye nilikuwa naimba mbele ya batu kama utachaguliwa. Sikuweza kuwaza hii nyumba bila wewe. Nilitaka ubakie tu. Kisha wiki moja haikupita, ukafunga sac, ukaenda Beni kupima kakao ya batu, ukatuacha na kasirani badala ya kutuacha na furaha. Kama ungeenda Kisangani ungeandika. Ungerudi ku vakansi, wakati ya likizo. Nilikupoteza na mikono yangu mwenyewe, juu sikutaka kukuazima.

Nilimuuliza Kambere siku moja juu ya nini alibeba kosa yangu. Alijibu akifunga visi, bila kuinua kichwa, kama mutu anaweza kupoteza rafiki na akapata ingine, mais dada eko na kaka mumoja tu, na kama ungenikasirikia mimi, Noeli ungeenda wapi. Noeli haukuja vile vile. Amenikataza kukuambia, mpaka leo. Anasema tutafunga ndoa siku yenye Mungu atataka na kosa itabakia yake. Mimi nimekataa. Siwezi kuingia mu nyumba ya mutu na yeye anabeba mugongoni muzigo yangu, kila siku, kwa kimya, na kucheka na mimi pa meza. Hajui kama nakuandikia. Mama hajui. Nitabaambia bote bawili kesho baada ya ibada, kabla Mama Falonne apande gari, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma.

Fungua sasa ile karatasi ya kayé, ya daftari, yenye iko ndani ya bahasha. Ni reyon. Kambere aliiweka miaka mbili mu kopo ya visi zake, nilimuibia. Pale pa kona, pangusa na kucha, mu upande wa ndani, penye karatasi ya kukwaruza haikufika. Utaona bluu. Kisha ishike na vidole viwili, vya mukono ya kushoto tu, na uikunje. Usiniamini mimi, amini vidole vyako.

Sasa kasirika, Yaya. Iko haki yako, mais ikuwe juu yangu. Sikuombi unisamehe upesi. Naomba kitu moja: siku ya posho ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, kama barabara imetulia, kuja ushike kamba ya mbuzi mu mukono ya Kambere, juu ile mukono haikuua kitu. Kama hautaki kuniona, nitakaa mu jikoni mpaka utoke, nitakupikia sombe na hautajua nani aliipika. Na kama ukikuja ukamushika Kambere mukono na ukakataa ndoa yangu, juu ya uwongo yangu, nitakubali. Afadhali nibakie bila bwana kuliko yeye abakie bila wewe. Anakulilia, unajua? Anasemaka ni moshi ya motere.

Mama anakusalimia na mikono yote. Baba mudogo Kitsa anakusalimia, anasema mbatata zako ziko mu gunia peke yake, zisiguswe. Kuku yako inakusalimia. Usalimie bale unaishi nao, na jirani yeyote mwenye anakupatia maji ya moto wakati unakohoa, umuambie dada yako anamushukuru, wasingya, wasingya kabisa.

Ndege hatujairusha. Kambere anakataa kushika telekomande, na mimi sina ruhusa. Kila siku ya Mungu najaza batri, kila siku ya Mungu naijaribu mukia, kisha narudisha yote pale pale. Iko chini ya kitanda ya Mama, pua yake inaangalia mulango.

Ni mimi mudogo wako,

Kavugho Bénite,
Mademoiselle Kole